Masika Tuliyomfukuza Pazi

Jumapili, 22 Machi

Idi Pili na mvua juu yake. Masika yameingia.

Leo tumepiga kwenye ukumbi wa baa moja huku mjini. Waliokuja ni watu kumi na mmoja, nimewahesabu mwenyewe kutoka jukwaani, na wanne kati yao ni binamu zake Nikunj waliolazimishwa na shangazi yao. Wimbo wetu wa kwanza una dakika ishirini na mbili. Dakika ya kumi na nne mwenye baa akazima umeme. Si mgawo, ni yeye, kwa mkono wake. Akanifuata akaniuliza, "Dada, nyie mna ugonjwa au mna hasira?" Nikamwambia vyote viwili.

Basi hiyo ndiyo Kokoto, bendi yangu. Nikunj anapiga kinanda, na tunafanyia mazoezi stoo ya saruji nyuma ya duka la baba yake. Hashimu yuko kwenye dramu, mchana anauza mitumba. Mimi besi. Na gitaa ni Pazi, ambaye nikisema ni fundi nitakuwa nimemtukana. Nyuzi anazikaza kwa mpangilio anaoujua yeye na Mungu wake, anazikwaruza kwa spoku ya baiskeli, na hesabu yake inakwenda hadi kumi na moja ndipo inageuka. Tanzania nzima hakuna sauti ile. Watu kumi na mmoja wanatutosha. Wengine waende wakasikilize vinanda vya harusi.

Tulipokuwa tunafunga vyombo gizani Pazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mpagazi wangu, mbona umenuna? Beba mzigo, ndiyo kazi ya kwenu."

"Nyamaza, mtumwa. Watu walidhani gitaa linajipiga lenyewe, ulivyo mfupi."

Mimi Mnyamwezi, baba yangu alihamia Kilakala akitokea Tabora. Pazi Mluguru wa Mkuyuni. Sisi ni watani, na kwa miaka sita hatujawahi kusalimiana kama binadamu.

24 Machi

Mvua. Mlima hauonekani.

Jumamosi, 28 Machi

Nikunj kamleta stoo prodyuza wa Dar anayeitwa Shamimu, alikuja Morogoro msibani. Mwanamke ana kucha ndefu na hana haraka. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, tukampigia wimbo mzima, dakika zote ishirini na mbili, na yeye macho kwenye simu. Mara moja tu aliinua kichwa.

Tulipomaliza akauliza, "Pale dakika ya tisa mlifanya nini?"

Tukatazamana. Dakika ya tisa mkono wa Pazi huwa umechoka, basi anapiga kitu kidogo, laini, ili aupumzishe. Hakifiki hata dakika moja.

"Nilikuwa napumzika," Pazi akasema.

"Basi pumzika dakika tatu. Huyu dada aimbe juu yake, muweke na kiitikio. Hayo mengine yafukieni."

Mxiu! Yafukieni!

29 Machi

Nimepayuka mbele yao kama saa nzima. Nikitaka kiitikio nitakwenda harusini, kuna pilau pia. Nimesema atakayeipeleka Kokoto huko atanikuta mlangoni. Hashimu na Nikunj wanaangalia sakafu. Pazi peke yake akasema polepole, "Lakini ni kazuri kale kawimbo, sivyo?"

Nikamwambia Mluguru hata akipewa sumu kwenye jani la mgomba atasema ni kazuri.

31 Machi

Sitamwambia mtu hili. Leo nilikuwa nafua, nikakaimba kale ka dakika ya tisa. Maneno yakaja yenyewe, ya kipuuzi, kuhusu mtu anayesubiri mvua ikatike ndipo aondoke. Jirani yangu Hidaya alikuwa anaosha vyombo ng'ambo ya ua. Baada ya muda namsikia anakaimba. Akaendelea nako mchana kutwa, akitwanga, akimfokea mume wake, kako mdomoni tu.

Miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuondoka na wimbo wetu mdomoni. Nilijifungia chooni nikalia. Kwa furaha. Na aibu pia, lakini kwanza furaha.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimewaambia tujaribu, mara moja tu, kwa kucheka. Hashimu alishika hesabu ya nne, ya nyimbo za kawaida, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikunj naye uso umemnyooka. Nikaimba. Loo! Sikujua sauti yangu inaweza kukaa mbele hivyo.

Tatizo ni Pazi. Hakatai, masikini, anataka sana. Ila kila akifika mwisho wa mstari mkono wake unaongeza pigo moja, sote tunaanguka. Tumerudia mara kumi na nne. Hashimu akatupa fimbo: "Nne, Pazi! Hata ng'ombe ana miguu minne!"

"Mkono unajua njia yake," Pazi akasema, anachekacheka.

Mwanzoni nilikuwa namwona kipaji. Leo, mara ya kumi na nne, nilimwona ni mtu mfupi aliyelowa, ananuka lile salfeti lenye unyevu analobebea gitaa, na anacheka hovyo.

Wakati wa kuondoka akanieleza habari ya mjomba wake. Kwao mjomba ndiye mwenye neno, na shamba ni la upande wa mama. Mjomba amempa masika haya tu. Hadi Mei awe amemwonyesha kwamba gitaa ni kazi ya mtu mzima, la sivyo arudi mlimani moja kwa moja, kipande chake cha mashamba asije akapewa mwingine. "Kwa hiyo hako kawimbo, mpagazi wangu, ndiko kataniponya." Nikamjibu kwamba hata mganga hawezi kumponya Mluguru.

8 Aprili

Shamimu kapiga simu. Nilimtumia sauti niliyorekodi kwa simu. Anatutaka Mei Mosi, tamasha la uwanjani hapa Morogoro, mchana, na kabla ya hapo tukarekodi Dar. "Sauti yako naitaka. Yule wa kukwaruza simtaki. Tafuteni mpiga gitaa anayejua kuhesabu."

Nilitakiwa nikate simu. Nilimuuliza tarehe ya kurekodi.

9 Aprili

Kikao nyumbani kwa Nikunj, watatu. Mama yake, Mama Indira, alituletea chai ya tangawizi na chevda za kutafuna, akauliza Pazi yuko wapi. Tukasema barabara mbaya.

Tumekubaliana kumchukua Rizwan, anayepigia bendi za harusi. Rizwan hajawahi kukosea pigo hata moja maishani mwake, na hajawahi kufanya jambo jingine lolote pia. Ikabaki nani amwambie Pazi. Nikunj akasema yeye hawezi, Pazi huwa anamwamkia baba yake kila akipita dukani, itakuwa aibu. Hashimu akasema, "Wewe ndiye mtani wake, Witness. Neno zito si hupelekwa na mtani? Akikuchukia hana kesi."

Nikaona ni kweli. Nikaona hata ni rahisi.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimemwambia. Niandike ilivyokuwa.

Nilimwita kabla wenzetu hawajafika. Alikuwa anafuta gitaa kwa shati lake. Nikasimama mlangoni, mvua nyuma yangu.

"Pazi, tumekaa, tumekubaliana. Hupigi tena na sisi."

"Nani kasema?"

"Sote. Mimi ndiye niliyeanza."

"Kosa langu?"

"Hujui kuhesabu mpaka nne."

Akaanza kucheka. Nikamwambia nafasi yake amepewa Rizwan, akazidi. Nikamwambia tunakwenda Dar bila yeye, akajipiga paja kwa kiganja. Nikaona hapa nikaze uso. Nikasema, "Sikutanii, Pazi."

Weee! Hapo ndipo alipoanguka kabisa. Maana ni mtani gani amewahi kusema anatania? Kila tulipotukanana vibaya zaidi ndipo tulipoapa kwamba ni kweli. Nilimwambia mwaka jana kwamba nimemuuza mama yake, nikaapa kwa Mungu. Akafuta machozi, akasema, "Na mimi nimeshamuuza baba yako kwa kibuyu cha asali. Mwambie afunge virago, wanunuzi wako njiani."

Nilikuwa na njia nyingine. Ningemwita kwa jina la baba yake. Ningekaa chini, nikamshika mkono, nikasema nisamehe. Mtani hasemi nisamehe, angeelewa pale pale. Badala yake nikacheka. Tukacheka wote wawili. Akasema huo ndio utani bora kuliko wote niliowahi kumpiga, atakwenda kumsimulia mama yake.

Hashimu aliponiuliza jioni nikamwambia nimeshasema. Sikuongopa.

Jumatatu, 13 Aprili

Amekuja. Udongo umeporomoka barabarani huko juu, magari hayapiti, ametembea kwa saa tatu. Matope mpaka mapajani. Akasimama mlangoni na salfeti lake kichwani, akapaza sauti, "Nimekuja kufukuzwa tena!"

Hashimu akaangalia dramu. Nikunj akaanza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa. Mimi nikasema, "Mtumwa hafukuzwi, anauzwa." Wakacheka kwa nguvu, kuliko ilivyostahili. Pazi akachomeka gitaa, tukapiga mpaka jioni.

16 Aprili

Nikunj kapata suluhisho, ana akili ya dukani huyu. Mazoezi yawe mawili. Jumatatu ya Pazi, Alhamisi ya Rizwan. Pazi apigiwe nyimbo zake za zamani, afurahi, mpaka tamasha lipite. Baada ya hapo ataelewa mwenyewe.

Hakuna aliyesema ni ukatili. Hashimu aliuliza tu kama Jumatatu ni lazima yeye aje.

Jumatatu, 20 Aprili

Pazi kaleta mkungu wa ndizi mzuzu. Tumegawana.

Wakati wa kupiga, Nikunj alipiga kwa mkono mmoja, wa pili unajibu wateja kwenye simu. Mimi nilizima spika yangu kabisa, nikawa nahamisha vidole tu, nimechoka na ile kumi na moja yake. Nilitaka nione kama atagundua. Hakugundua. Mwishoni akaniambia, "Leo umepiga, mpagazi. Leo umepiga kweli."

Tulipobaki wenyewe nikawaeleza wenzangu, tukacheka hadi Mama Indira akachungulia kujua kuna nini.

23 Aprili

Dar. Tumerekodi kwa siku moja. Rizwan alipiga mara moja, ikatosha. Pazi nilimwandikia kwamba stoo imeingia maji, wiki hii hakuna mazoezi. Alijibu: "Nije na ndoo?"

26 Aprili

Wimbo umepigwa redioni saa nne asubuhi, ukarudiwa saa nane. Hidaya alipiga vigelegele uani. Saa nane na nusu simu ikaita, Pazi. Nikaiacha. Ikaita tena.

"Mpagazi! Niko sokoni Mkuyuni. Nimekasikia kapumziko kangu redioni! Watu wanacheza hapa, mama muuza mananasi anacheza!"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

"Umeniibia," akasema, na nikasikia kicheko kinakuja, "umeniibia mchana kweupe, Mnyamwezi wewe! Haya, ni haki yako, mtani akiona kitu anachukua. Lakini na mimi naja kuchukua changu. Mei Mosi, kama redio ilivyotangaza, hapo hapo jukwaani. Mjomba anashuka, na mama, na mama wadogo. Nimewaambia ni mimi."

"Pazi, usije."

"Naja na ungo wa kubebea changu, nikukusanye na wewe!"

"Nakwambia usije."

"Sawa, siji," akasema, anakufa kwa kicheko, akakata.

Ningeweza kumpigia. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

28 Aprili

Mvua. Sauti iko sawa. Nakunywa maji ya moto na ndimu.

Ijumaa, 1 Mei

Uwanja ulijaa mpaka juu ya ukuta. Mvua ilikatika saa nane.

Niliwaona nyuma ya jukwaa kabla hawajaniona. Walikuwa wanaoshana miguu kwa maji ya chupa, mama yake na mama wadogo wawili, kanga mpya zimekunjuliwa leo leo, mistari ya mkunjo bado inaonekana. Mjomba amevaa kanzu na koti. Pazi shati jeupe limepigwa pasi. Nikamwamkia mama, shikamoo. Akajibu, "Marahaba, mtumwa wangu. Mwanangu anapiga saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi, mama."

Mjomba akanipa mkono. Akasema yeye mambo haya hakuyaamini, lakini redio haiwezi kuongopa. Nikamwonyesha mahali pa kukaa, mbele, waone vizuri. Kwa nini mbele? Nimejiuliza tangu jioni.

Tukaitwa. Tukapanda na Rizwan. Upande wa pili Pazi naye anapanda na salfeti lake, baunsa akamkamata shingoni. Akaniuliza kwa sauti, "Wa kwenu huyu?" Maiki ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa wazi. Uwanja wote unaningoja. Mdomo wangu ukafanya kazi unayoijua.

"Mwacheni! Huyu ni mtumwa wangu, Mluguru, kashuka mlimani kunidai ndizi zake!"

Uwanja ulilipuka. Nusu ya mji huu ni Waluguru na nusu ni watani wao, kila mtu alielewa. Baunsa akamwachia. Pazi akaja katikati anacheka, anawapungia, akatoa gitaa, akaanza kutafuta waya. Waya wa gitaa ulikuwa mmoja, na uko kwenye gitaa la Rizwan. Akanisogelea, akasema chini ya kelele, "Haya mtani, umeshinda. Sasa nipe changu."

Nikampa mgongo. Nikamwambia Hashimu ahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

Ubeti wa kwanza alisimama anatabasamu, ananingoja niumalize utani. Watu walikuwa wanampiga picha, walidhani ni mchekeshaji wetu. Kikafika kiitikio, uwanja mzima ukaimba, sijawahi kusikia kitu kama kile, nywele zilinisimama. Nikageuka, nikakutana na macho yake. Alikuwa ameelewa. Aliyaelewa yote, ya leo na ya nyuma, nilimwona anavyoyapitia moja moja: stoo iliyoingia maji, Jumatatu zetu, kicheko cha mlangoni. Sikuacha kuimba. Ilikuwa sehemu nzuri ya wimbo.

Kisha akaangalia chini, mbele, walikokaa wa kwao. Akavaa mkanda wa gitaa begani. Akaanza kupiga. Bila waya, bila sauti, mkono unakwenda, na mwisho wa kila mstari niliona unaongeza lile pigo lake. Hakuna aliyesikia. Mama yake alisimama akapiga vigelegele. Mjomba naye akasimama, anapiga makofi juu ya kichwa, anawaonyesha watu wa nyuma, yule, yule mwenye shati jeupe. Ukiwa chini huwezi kujua.

Alipiga mpaka mwisho. Akainama na sisi, akateremka kwa upande wao. Mjomba alimkumbatia kwa muda mrefu.

Shamimu anasema ule utani wa mwanzo tuuweke kila shoo.

2 Mei

Simwandikii Pazi. Nalala tu.

5 Mei

Nimempigia mara saba. Inaita, haipokelewi. Alhamisi tuna mazoezi. Jumatatu jana nilikwenda stoo peke yangu, nikakaa juu ya mfuko wa saruji mpaka saa kumi na moja. Nilidhani atatokea mlangoni na tusi.

9 Mei

Dodoma wametuita. Iringa pia. Rizwan ameomba sare.

Jumapili, 17 Mei

Nimekwenda Mkuyuni. Barabara wameifungua. Kutoka sokoni nilipanda kwa miguu, matope yananivua viatu, na njia nzima nilikuwa nachagua matusi. Nilikuwa nayo mazuri. Nilijua nikimpiga moja zito, na yeye akanijibu moja zito, tutakuwa tumeanza upya, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyo.

Mama yake aliniona wa kwanza, yuko uani anaanika pilipili manga. Akashika kiuno. "Haa! Mtumwa wangu umekuja, na mikono mitupu! Kamata ufagio huo kabla sijakurudisha Tabora kwa miguu!"

Jamani, nilitaka kumbusu. Nikafungua mdomo nimjibu.

Pazi akatoka ndani. Amekonda kidogo. Hakuwa na hasira usoni, nilitafuta. Akasema kwa upole, "Mama, usimtanie. Dada Witness ni mgeni."

Mama akamwangalia mwanawe. Akaniangalia mimi. Sijui aliona nini, ila alishusha mkono kiunoni, akajifunga kanga vizuri. "Samahani, mama," akaniambia, mimi ninayelingana na wanawe. "Karibu. Karibu kiti."

Nikakaa. Nikamwambia Pazi amezidi kufupika, migomba imempita. Akasema, "Pole na safari, dada." Nikamwita mtumwa, nikamwita mwizi wa ndizi, nikamtukania ukoo wake mpaka kwa babu. Akatikisa kichwa kidogo kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba. Nikasema, sauti imeanza kunitoka vibaya, "Pazi, nitukane." Akasema barabara siku hizi imekuwa nzuri, nitafika mjini mapema.

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Hakuna neno, dada yangu. Asante kwa kuja."

Akanipikia chai mwenyewe. Akauliza kama natumia sukari. Miaka sita tumekunywa chai kikombe kimoja, na yeye ndiye aliyekuwa akinipimia. Nikamwambia vijiko viwili.